Tulivyoitoa Ndege kwenye Majaruba ya Msangano

Wapendwa wangu wa kwaya, tangu nirudi mnaniuliza ilikuwaje, na mimi nacheka tu na kuinamisha kichwa. Si siri. Ni kwamba nikianza kusimulia kwa mdomo, maneno huniishia kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Niliishia darasa la saba, naandika taratibu, na mahali nitakapokosea mtanisamehe. Habari za vibali na karatasi za mihuri siziandiki, maana hata mimi sikuzielewa.

Tunduma, kabla ya kuondoka

Kazi yangu mnaijua. Nashona maturubai ya malori, kazi aliyonifundisha baba kabla macho yake hayajapungua nguvu. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya turubai la lori la Mzambia, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mkononi, akaja mtu mfupi mwenye miwani. Alisimama muda mrefu akitazama mshono wangu. Nikadhani amekuja kulalamika kwa niaba ya mtu.

"Wewe binti," akasema, "unaweza kulishonea bawa nguo?"

"Bawa la nini?"

"La ndege. Ndege ya kupanda watu."

Alikuwa Injinia Mkude, fundi wa ndege, mtu wa Morogoro. Alinieleza kwamba kuna ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka manesi na chanjo kwenye vijiji vya mbali vya bondeni. Mwezi wa kumi injini yake ilizimika angani. Rubani, Kapteni Isaya, alikuwa peke yake siku hiyo, akaiteremsha kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ng'ambo ya Msangano. Matuta ya majaruba yakakata magurudumu, pua ikakunjamana, na Kapteni akavunjika mguu. Lakini mabawa yote mawili yalipona.

"Wenye ndege ni kikundi kidogo cha wahisani," Injinia aliniambia. "Ndege wanayo hiyo moja. Wamesema mabawa yakifika mazima wataitengeneza, na Isaya ataruka tena. Likikunjika hata moja, itauzwa chuma chakavu. Na bati la bawa ni jembamba kama la debe. Likisuguana na bodi la gari njia nzima, hakuna kitu."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ananipigia simu kila siku kutoka hospitali. Hata salamu hatoi. Anauliza tu, mabawa je?"

Tena ilibidi tuwahi mvua. Bonde la Msangano likishalowa, gari zito haliingii majarubani mpaka kiangazi.

Nilishona siku nne. Nilitengeneza mifuko miwili mirefu ya turubai, ndani nikaitandika blanketi na sponji, kwa vipimo alivyonisomea Injinia kutoka kwenye karatasi yake. Kaka Siame, dereva wa Fuso tuliyokwenda nayo, alikuwa akipita kila asubuhi kunichokoza. Huyo ni Mnamwanga, mdomo wake haujui kupumzika.

"Fundi, safari hii unamshonea malaika?"

"Ndiyo," nilimjibu. "Amesema umpunguzie kelele."

Alicheka mpaka akashika bodi la gari. Nilijishangaa mwenyewe kumjibu.

Tunduma hadi Chitete

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu bado tulikuwa Tunduma. Tela moja lilikuwa limekatika kiungo na kulala katikati ya barabara, nyuma yake malori hayahesabiki. Siame alishuka akawa anazunguka kuwasalimu madereva wa Zambia kwa Kibemba, "Mulishani, mukwai! Bwino?" Akarudi na chupa tatu za maheu, togwa lao la mahindi. Injinia alikataa yake. Alikuwa anatazama mawingu.

"Yale si ya mvua," Siame akamwambia. "Yale yanapita tu kusalimia."

"Umejuaje?"

"Ya mvua hayana haraka hivyo, mzee wangu."

Tulipoiacha lami, vumbi lilitupiga mpaka kope zikawa nyekundu. Pancha ya kwanza tuliipata kabla ya saa sita, na ya pili tukaipata tukiwa tunajisifu kwamba ya kwanza imekwisha. Tulifika Chitete alasiri, njaa inauma. Tukaingia kwa mama lishe mmoja, ugali wa moto, dagaa na mlenda.

Nilikuwa nimeishusha mifuko yangu ya mabawa ili niikung'ute vumbi. Watu wakaja wakaizunguka. Mzee mmoja akaipima kwa hatua, akatikisa kichwa kwa furaha, akamuuliza Injinia, "Mchungaji, mkutano unaanza leo au kesho?"

Injinia hakuelewa. "Mkutano gani?"

"Wa Injili. Si hili ndilo hema?"

Kabla hajajibu, mama lishe alikwisha kuniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Na huyu ndiye mwimbaji. Wapole hivi ndio wanaoimba vizuri. Mwanangu, tutangulizie wimbo mmoja."

Ninyi mnanijua. Nilitamani ardhi inimeze. Siame, badala ya kuniokoa, akasema, "Sauti yake ina gharama, mama, mpe kwanza nyama." Nyama ililetwa kweli. Injinia alipoeleza habari ya ndege, walisikitika kidogo, lakini nyama hawakuirudisha jikoni. Yule mzee akasema hata hiyo ni kazi ya Mungu, akatuombea safari pale pale, huku mkono wake umeshika turubai langu.

Chitete hadi Msangano

Kesho yake tuliteremka kuelekea bondeni. Joto linapanda kadiri gari linavyoshuka, kama mtu anayefunua sufuria polepole. Siame aliacha kuongea, na hapo ndipo nilipojua kwamba mteremko ni mbaya.

Chini tulimkuta mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili matupu. Akaomba lifti, tukampandisha pamoja na baiskeli yake. Aliposikia tunachofuata, uso wake ukachangamka.

"Ah, mnakwenda kwa Mama Namukonda! Yeye ndiye alimtoa rubani kwa mikono yake. Ameitunza ile ndege, mtaona. Ameikandika vizuri."

Injinia aligeuka. "Ameifanya nini?"

"Ameikandika. Yeye na wanawake wenzake."

Injinia alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Kwenye majaruba

Tuliona kwanza paa la nyasi. Chini yake ndege ilikuwa imekaa kwa tumbo, nyeupe, imeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Ilikuwa imefagiliwa pande zote. Na kila penye tundu palikuwa pamefunikwa udongo, umesawazishwa kwa kiganja mpaka unang'aa: dirisha lililovunjika, mdomo wa injini, na vile vishimo vidogo chini ya mabawa vinavyopitisha hewa na mafuta. Kwa macho yangu ilikuwa kazi nzuri. Vidole vya mkandikaji vilionekana, mistari myembamba iliyokwenda upande mmoja.

Mama Namukonda alikuja mbio akijifunga kitenge, mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa mama yangu mkubwa. Nyuma yake wasichana wawili walibeba maji ya kunawa na chakula kilichofunikwa: wali wa kwao unaonukia, na kuku.

"Karibuni, karibuni wanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Injinia hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti chini ya bawa, ukucha wake ukikwangua udongo.

"Nani amefanya huu uchafu?"

Mama alisimama.

"Hivi vijitundu ndivyo pumzi ya ndege!" Injinia alisema, sauti inapanda. "Udongo ukishaingia humu, unatoka vipi? Nitalipasua bawa zima kuutafuta? Mmeniulia ndege, mama. Afadhali mngeiacha inyeshewe."

Injinia akaondoka kwa miguu kuelekea kwenye gari, akayapita maji ya kunawa bila kuyatazama. Mama Namukonda alimfuata kwa macho. Kisha akawaambia wasichana wake jambo kwa Kinamwanga, taratibu, na chakula kikarudi nyumbani.

Siame, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, alitazama chini. "Hapa," akaninong'oneza, "tumejifunga wenyewe."

Asubuhi ambayo hakuna aliyekuja

Bawa moja linahitaji watu kumi kulishusha bila kulipinda. Tulikuwa watatu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameahidi watu kwa simu kabla hatujatoka Tunduma, lakini jua lilipanda na hakuja mtu. Tuliwaona wakipita mbali na majembe yao. Walitupungia mkono vizuri tu, wakaendelea. Upande wa mlimani mawingu yalikuwa yamekaa, na safari hii hayakuwa na haraka.

"Hawajakasirika," Siame alimweleza Injinia. "Wanasubiri. Mama hajasema kitu, kwa hiyo na wao hawasemi kitu."

"Sasa wanataka nini?"

"Hawataki kitu, mzee. Hilo ndilo gumu."

Simu ya Injinia ikaita. Alilitazama jina la Kapteni, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Nilimwona anameza mate. Sikuwa na hasira naye tena. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa kwa ajili ya mwenzake huwa anafanana sana na mtu mkorofi.

Niliondoka bila kuaga. Kumwendea mtu mgeni peke yangu ni jambo ambalo mnajua silifanyi, lakini miguu ilitangulia. Nilimkuta Mama Namukonda anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa chini kando yake, nikaanza kuchagua chenga. Tukakaa hivyo. Nadhani na yeye si mtu wa maneno mengi.

Hatimaye akasema, "Kwenu wapi?"

"Ileje, mama. Wazazi ndio walihamia Tunduma."

"Ileje mnakandika?"

"Tunakandika. Bibi alinifundisha."

Akapepeta mara tatu, nne. "Kwetu hapa mtu akilazwa mbali, nyumba yake hatuiachi. Tunaifagia na kuikandika, ili akirudi asiikute imekufa. Yule rubani nilipomtoa, alikuwa ananishika mkono, anasema, mama, ndege yangu, ndege yangu. Hakuutaja mguu wake. Nikamwambia nenda, nitaiangalia. Basi. Sasa nyumba yake ni ipi nyingine ninayoijua mimi?"

Niliendelea kuchagua chenga.

"Nyigu wale wa udongo ndio walinisumbua," akaendelea. "Siku ya pili tu walishaanza kujenga kwenye vile vitundu. Nikawatoa na kijiti. Nikachana kitenge, nikaziba kila tundu na kitambaa, ndipo nikapaka. Udongo haukuingia ndani, mwanangu. Kwani mimi ni mtoto?"

Niliacha kuchagua chenga. "Mama, uliziba kwanza na kitambaa? Vyote?"

"Vyote. Kumi na vinne. Na kila kitambaa nimekiachia mkia, nijue pa kuvutia."

Nilikimbia. Injinia alikuwa bado amekaa kwenye ngazi ya gari. Sikumweleza, maana ningekwama. Nililowesha kanga yangu kwenye ndoo, nikaibandika juu ya udongo wa tundu moja chini ya bawa, nikaishikilia hapo mpaka mkono ukaniuma. Bibi alinifundisha kwamba udongo mkavu haukwanguliwi, hubembelezwa. Ulipolainika nikaupangusa, nikauona mkia mdogo wa kitenge cha bluu, nikauvuta. Kitambaa kikatoka chote, kikavu, safi.

Injinia alikuja akapiga magoti. Akawasha tochi, akachungulia ndani ya tundu. Akachungulia muda mrefu sana.

"Nyigu," akasema peke yake. "Nimewahi kuona ndege nzima inafia mikononi kwa sababu ya nyigu walioziba tundu kama hili. Hata sikuwafikiria."

"Mama ndiye aliwafikiria," nikasema.

Alisimama, akajikung'uta magoti, akaenda. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika uani hakujua aanzie wapi, akabaki ameshika kofia yake.

"Mama, nimekosa. Nimekosa sana."

Mama Namukonda hakuacha ungo. "Umekula?"

"Hapana, mama. Lakini nasema nime…"

"Kula kwanza. Mwenye njaa hakosi, anapiga kelele tu."

Akaletewa maji ya kunawa. Alikula kila kilichowekwa, na alipotaka kuinuka akaongezewa, akala tena. Kabla hajamaliza niliona watu wanakuja kwa njia ya majarubani, mmoja mmoja, kama waliokuwa wanapita tu.

Kuyashusha mabawa

Walikuja zaidi ya ishirini. Injinia alifungua boliti, akiita kila mtu mama au baba, hata vijana wadogo kuliko mimi. Wanaume walisimama chini ya bawa, mikono juu, na mmoja akapiga kelele, "Shikeni kama mnashika bibi harusi!" Mwingine akajibu, "Wa kwako au wa mwenye mahari?" Bawa likashuka kwa vicheko, polepole, bila kugusa ardhi.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mfuko ulikuwa mfupi kwa urefu wa mkono mzima. Karatasi ya Injinia haikuwa na kile kipande cha mwisho, ncha ya bawa. Ncha ndiyo ingekuwa nyuma ya gari, na nyuma ndiko gari linakorushwa zaidi.

Mama Namukonda alitazama mfuko, akatazama bawa, akaondoka. Alirudi na magunia na mzigo wa mabua ya mpunga. Nikakaa chini, wanawake sita wakakaa nami, wao wakijaza mabua, mimi nikishona kwa shazia. Tulitengeneza kofia mbili nene za kuvalisha ncha.

"Huyu binti anashona kama anayefunga jeraha," mmoja wao alisema.

Kumbikumbi walianza kuruka tulipokuwa tunafunga kamba za mwisho. Watoto wakawakimbilia na mabakuli. Siame akatazama juu akasema, "Haya ndiyo yenyewe." Kiwiliwili cha ndege, walichokiinua wote kwa pamoja, kilikuwa katikati ya Fuso, mkia umechomoza nyuma na kitambaa chekundu, mabawa yamesimama wima kushoto na kulia kama vitabu rafuni.

Kurudi

Niliomba kukaa nyuma na mabawa. Mvua ilitukuta nusu ya mlima. Udongo ule ukilowa huwa kama sabuni, na gari lilianza kuteleza kwa nyuma, likasimama, likapanda tena kwa kunguruma. Mimi nilikuwa nimelaza kiganja juu ya bawa la kulia kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Kwa mkono ule nikasikia limehama. Kamba moja ilikuwa imelegea kwa maji, na bawa lilikuwa linaegemea boliti ya bodi iliyochomoza. Turubai lilikwisha kutoboka.

Niligonga kioo cha nyuma. Hawakusikia kwa mvua. Ndipo nikapiga kelele. "Simama! Kaka Siame, simama!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. Sijawahi kuitumia kabla, hata kanisani, na mwalimu wa kwaya asije akaidai.

Siame alisimamisha palepale mlimani, akaruka chini na jiwe la kuzuilia gurudumu. Injinia alipanda nyuma, akaona boliti. Tulisukuma bawa kwa mabega, mimi na yeye, nikaingiza kipande cha sponji kutoka kiti cha dereva, nikashona mvuani, maji yakinitiririka mpaka kwenye viwiko. Siame akawa amesimama kwenye mvua ameshika kanga yangu juu ya kichwa changu. Safari hiyo hakutania.

Kutoka hapo Injinia naye alikaa nyuma, upande wa kushoto. Tulirudi hivyo, kila mtu na bawa lake.

Tunduma

Tulifika yadi adhuhuri ya siku ya pili. Injinia hakutaka mtu mwingine afungue mifuko. Niliikata mishono mwenyewe, tukavuta turubai. Akaanza kupitisha kiganja kwenye ukingo wa bawa, kutoka shina hadi ncha, taratibu, macho ameyafumba. La kushoto kwanza. Kisha la kulia. Pale penye boliti mkono ulisimama. Palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kidole.

Akaukwaruza kwa kucha. "Rangi," akasema. "Ni rangi tu." Akakaa chini kwenye kokoto kama mtu aliyetumwa mbali sana. Kisha akapiga simu, na ilipopokelewa akanipa mimi.

"Mkude? Mabawa je?" sauti ilisema.

"Shikamoo, Kapteni. Ni mazima."

Kisha nikasikia kikohozi cha mtu anayeficha kitu kingine.

"Wewe ndiye fundi wa maturubai?"

"Ndiyo."

"Na yule mama? Shamba lake nililichimbua. Alisema nini?"

Nilimwambia kwamba hakusema kitu. Nilimwambia kwamba tulipowasha gari kuondoka, niliangalia nyuma nikamwona amekwisha kuingia na jembe pale ilipokuwa ndege, anajenga upya tuta lililovunjwa na magurudumu. Majirani zake wote walikwisha kumwaga mbegu. Jaruba lile lilikuwa peke yake tupu. Alikuwa anasubiri tuiondoe ndege ili apande, na hakutuambia hata mara moja.

"Kule mpunga unavunwa lini?" Kapteni akauliza.

"Mwezi wa tano, wa sita."

"Mwezi wa sita mguu utakuwa umepona," alisema. "Nitakwenda kwa gari, fundi, si kwa ndege. Nikamsaidie kuvuna."